Maziwa Hayaoshi Mapafu

Kwenye machimbo ya kokoto, katika vibanda vya mafundi wa kuchomelea vyuma katika miji ya Kitui na Wote nchini Kenya, na katika mashamba ya maembe yanayopigwa dawa, kuna agizo ambalo vibarua wengi hulisikia siku yao ya kwanza: ukimaliza kazi, kunywa maziwa. Husemwa kwamba maziwa huteremsha vumbi, husafisha kifua na huua sumu. Wako waajiri wanaoyanunua kila jioni, tena kwa nia njema kabisa.

Maziwa hayafanyi hata moja kati ya hayo. Kinachomezwa hushuka tumboni. Vumbi la mawe hupitia koo la hewa na kuishia kwenye mapafu, ambako hakuna tone la maziwa linalofika. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Zikishaingia ndani kabisa hukaa huko, mapafu hujijenga makovu kuzizunguka, na baada ya miaka mtu huanza kuhema kwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda akiimba. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Sumu ya shambani nayo huingia zaidi kwa ngozi, na kutoka hapo iko damuni. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayana uwezo wa kuifuata huko.

Kusema hivyo na kwenda zetu hakusaidii, kwa sababu kila anayekunywa maziwa hayo ana sababu yake. Mwajiri aliyenunua pakiti kumi huona ametimiza wajibu, na suala la barakoa halimjii tena. Kibarua aliyekunywa huhisi amejikinga, kwa hiyo kesho ataamka arudi kwenye kazi ambayo hana namna ya kuikataa. Wote wawili wamepunguziwa hofu. Imani ya namna hii haiishi kwa sababu wafanyakazi ni wajinga. Inaishi kwa kuwa ina kazi inayoifanya, na anayetaka kuiondoa hana budi kwanza aijue kazi hiyo, kisha alete kitu kingine cha kuifanya.

Funzo la mwaka 2004

Ukambani, nchi ya Wakamba yenye Kitui, Makueni na Machakos, ulilipa gharama kubwa kwa mazoea mengine yaliyokuwa na kazi yake. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004 watu walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya njano na matumbo yaliyovimba. Kabla ya tukio kwisha walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu waliomea kwenye mahindi yaliyovunwa na kuwekwa kabla hayajakauka sawasawa. Eneo hilo halikuwa geni kwa balaa hii: mwaka 1981 watu walikuwa wamekufa vivyo hivyo Machakos.

Wachunguzi walilinganisha nyumba zilizopata mgonjwa na zisizopata. Tofauti moja ilijitokeza: waliougua walikuwa na mazoea zaidi ya kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Msomaji wa mbali anaweza kuuliza, kwa nini mtu alale chumba kimoja na mahindi yenye unyevu? Mkulima wa Kibwezi au Mutomo hahitaji kuuliza. Mwaka wa uhaba, gunia lililo nje ni gunia la mwizi. Mwizi anajulikana, kila mtu ana jirani aliyeibiwa. Sumukuvu haionekani, na mahindi yenye sumu yanaweza kuwa na ladha ile ile ya kila siku.

Hapo ndipo wanasaikolojia wanapotusaidia. Paul Slovic wa Marekani, katika makala yake iliyojulikana sana ya mwaka 1987, alionyesha kwamba watu wa kawaida hawapimi hatari kwa kuhesabu vifo. Huipima kwa jinsi inavyotisha, na kwa jinsi inavyojulikana au kutojulikana. Lile tulilolizoea, tunalolifanya kwa hiari yetu na ambalo madhara yake huchelewa, hulipunguza mioyoni hadi likawa dogo. Hivyo mtu yule yule anaweza kuogopa nyoka aliyemwona mara moja, asiogope pampu inayomvujia mgongoni kila msimu.

Kwa hiyo tusimwambie mkulima "usiweke mahindi ndani" tukaishia hapo. Tutakuwa tumemkabidhi kwa mwizi. Mwambie ayaanike juu ya turubai wala si juu ya udongo. Ayapime kwa chumvi: tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha uache kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji mengi. Yakishakauka, yanaweza kukaa ndani ya nyumba, karibu na mwenyewe, kwenye mifuko isiyopitisha hewa ambayo huuzwa madukani, juu ya mbao na mbali na ukuta. Mwizi ameshindwa na kuvu ameshindwa. Kupika hakuondoi sumukuvu, na kumpa ng'ombe mahindi yaliyooza si kuokoa hasara: sehemu ya sumu hiyo hutoka kwenye maziwa yake.

"Mimi nimezoea"

Makueni inajulikana kwa maembe, na Kitui kwa ndengu. Mazao yote mawili yana wadudu wake. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 aliwatesa wakulima wa maembe kiasi kwamba mwaka 2014 nchi ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya. Basi dawa hupigwa, na anayepiga mara nyingi ni kijana wa kibarua mwenye pampu ya mgongoni, fulana na ndara.

Ukimuuliza, atakujibu kwamba amezoea, kwamba zamani kichwa kilikuwa kikimuuma lakini sasa mwili umekuwa sugu. Nakuomba msomaji ukae kidogo na jibu hili, maana ndilo hatari kuliko yote. Dawa nyingi za wadudu hushambulia kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukihitaji ili misuli itulie baada ya kufanya kazi. Mwili hutengeneza kingine polepole, kwa muda wa wiki kadhaa. Anayepiga dawa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huanza kila siku akiwa na akiba ndogo kuliko ya juzi. Haonekani kuumwa kwa sababu akiba haijafika chini. Siku itakapofika, dozi ile ile aliyoizoea ndiyo itakayomwangusha, na watu watasema alirogwa au alikula kitu kibaya.

Wengine hupima ukali kwa harufu: isiyonuka si kali. Harufu si kipimo. Kipimo kiko kwenye kibandiko cha chupa, katika mstari wa rangi ulio chini. Nyekundu ndiyo kali kupita zote, kisha njano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye afadhali. Ukiwa dukani kwa agroveti, sema wazi unataka yenye rangi ya ukali mdogo zaidi itakayoua mdudu huyo huyo. Hilo ni swali la kawaida, na muuzaji mzuri analijua jibu lake.

Leso iliyofungwa puani nayo hudanganya. Ikilowa dawa hukaa hapo hapo mdomoni ikimpulizia mvaaji siku nzima. Tena sehemu kubwa ya sumu haipiti puani. Hupita mikononi wakati wa kuchanganya, maana hapo dawa haijatiwa maji, na hupita mgongoni, kiunoni na mapajani pampu inapovuja. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko. Za pili ziwe gambuti, na miguu ya suruali ishuke nje ya buti, isitumbukizwe ndani. Kabla ya kutia dawa, tia maji matupu kwenye pampu, ibebe hatua chache kisha uangalie shati.

Watu husema vazi kamili halivaliki kwa joto la Kitui, na hilo ni kweli. Anayemlaumu kibarua kwa kulivua saa saba mchana hajawahi kulivaa. Dawa yake ni kubadili saa: pigeni kuanzia alfajiri na mmalize kabla ya saa tatu, upepo ukiwa bado umetulia. Ngozi yenye joto na jasho hunyonya sumu haraka zaidi, kwa hiyo saa za asubuhi humkinga mtu mara mbili. Mwenye shamba ndiye anayeweza kuzipanga.

Mpiga dawa akianza kutokwa na mate na jasho jingi, kuona ukungu, kutapika au kutetemeka, asipelekwe nyumbani kulala. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenye kibandiko. Msimtapishe. Mtu aliyelegea akinyweshwa maziwa anaweza kuyavuta mapafuni, na hapo kilichokusudiwa kuwa tiba kitakuwa kimemuua.

Kisimani, mtu wa pili

Mito kama Tiva, Nzeeu na Thua huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo watu huchimba. Kisima cha mkono ni kazi ya fundi mwenye sururu, kamba na ndoo, na msaidizi wake juu. Vifo vya visimani vina mpangilio wa kusikitisha: wa kwanza hushuka akanyamaza, wa pili hushuka kumtoa akanyamaza, na wakati mwingine wa tatu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilitangaza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliofia katika nafasi zilizofungika walikuwa waokoaji. Shimo la Nzambani au Mbooni haliko tofauti. Watu wakiona wa pili naye hakurudi, wako wanaosema kisima kina pepo. Ukifikiria, wameona kitu cha kweli: kuna kilichowaua wote wawili, hakina umbo wala harufu.

Mara nyingi kitu hicho hutoka kwenye injini. Pampu ndogo ya petroli ikiteremshwa kisimani hujaza shimo moshi wenye gesi ya monoksidi ya kaboni, na mtu hulegea kabla hajajua ana shida. Basi kwa nini watu waiteremshe? Siyo ukaidi. Pampu iliyo juu huvuta maji kwa kunyonya, na kunyonya kuna kikomo: kwa kina cha kama mita 7 hivi kwenda chini, hata injini iwe na nguvu kiasi gani, maji hayapandi. Visima vingi vya ukanda huu vina kina zaidi ya hapo. Fundi anayeteremsha injini ametatua tatizo la kweli kwa kifaa alichonacho. Ukimpigia kelele bila kumpa njia nyingine, ataiteremsha ukiondoka. Njia zipo: pampu ya umeme ya kuzamishwa majini inayosukuma badala ya kunyonya, ikiendeshwa na jenereta iliyo juu tena mbali na mdomo wa kisima, au na paneli za sola. Kikundi kinaweza kuikodi kwa siku moja ya kusafisha kisima. Ikikosekana, rudini kwenye ndoo na roda. Ni kazi ndefu, lakini ndoo haitoi moshi.

Halafu kuna mshumaa. Mafundi wengi hushusha taa au mshumaa kwanza; ukizimika, hawashuki. Ukizimika ni onyo sahihi na litiiwe. Ubaya uko pale unapoendelea kuwaka. Mshumaa huonyesha upungufu wa oksijeni tu. Moshi wa injini unaweza kuwa umejaa kiasi cha kuua na mwali usitikisike. Kukiwa na gesi inayowaka, mwali wenyewe ndio utakaolipua. Kupandisha na kushusha matawi ili kukoroga hewa husaidia kidogo, lakini hakumwambii mtu kama hewa sasa ni salama. Kipimo cha gesi cha mkononi ndicho kinachosema. Kifaa kimoja kinaweza kutumika kata nzima, na sioni kwa nini wawakilishi wa wadi wasiombwe kukinunua kama wanavyoombwa matangi.

Lakini kifaa peke yake hakimwokoi mtu wa pili. Anayemwona ndugu yake amelala chini ya shimo hawezi kufikiri. Anaweza kupenda tu, na atashuka. Uamuzi wa kutomfuata unatakiwa uwe umefanywa asubuhi, kabla mtu hajashuka, vichwa vikiwa bado vimetulia. Kanuni ni hii: hakuna anayeshuka bila kamba iliyofungwa mapajani na kifuani, na kamba hiyo imeshikwa juu na watu wasiopungua wawili, kupitia roda, muda wote. Anayeshuka hujibu kila akiitwa. Asipojibu anavutwa bila mjadala. Wakiwa na kamba, wale walio juu wanapata cha kufanya kwa mapenzi yao zaidi ya kujitosa. Kama hakuwa amefungwa, pulizeni hewa safi kwa mpira hadi chini ikiwa kuna kompresa iliyo mbali na mdomo, mwite Msalaba Mwekundu kwa nambari 1199 au polisi kwa 999, na wazee wawashike kwa nguvu wanaotaka kushuka. Ni jambo gumu kuliko yote katika makala haya.

Ukuta ulisimama jana

Kwenye mchanga wa mito, hatari ni ukingo. Maloda, yaani wapakiaji wa mchanga, huchimba chini ya ukingo kwa sababu mchanga wa hapo ni msafi na lori linakaribia, na mwishoni ukingo hubaki umening'inia. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Aliyefukiwa hadi kifuani, hata kichwa kikiwa nje, hushindwa kupanua mbavu ili avute pumzi.

Kila loda huuona ukingo huo. Kwa nini hakuna anayesema? Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley waliwaweka wanafunzi jijini New York katika chumba, wakaanza kupenyeza moshi ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliripoti. Wakiwa watatu wasiojuana, ni vikundi 38 tu katika kila mia vilivyotoa mtu wa kuripoti. Na pale mwanafunzi alipokaa na wawili walioagizwa wasijali, ni asilimia 10 tu walioinuka. Wengine walijikohoza na kupepea moshi usoni huku wakiendelea kujaza fomu. Kila mmoja alisoma uso wa mwenzake, akauona umetulia, asijue kwamba mwenzake naye anausoma wa kwake.

Hayo ndiyo yanayotokea chini ya ukingo. Ongeza na malipo ya kwa lori, ambapo anayesimamisha kazi anawakata wenzake riziki. Ongeza siku zote ambazo ukuta haukuanguka. Mwanasosholojia Diane Vaughan, aliyechunguza chombo cha angani Challenger kilicholipuka mwaka 1986, alieleza jinsi kasoro inayovumiliwa mara kwa mara bila madhara hugeuka kuwa desturi, hata kwa wahandisi waliosoma sana. Loda wa mto Athi na mhandisi wa Challenger walidanganywa na kitu kile kile: jana hakikutokea kitu.

Kuwaambia watu wawe makini hakuvunji ukimya wa aina hii. Kikundi kimpe mtu mmoja kazi ya kuangalia ukingo, kwa zamu, bila kushika sepetu, na apate fungu lake la lori sawa na wengine. Akisema tokeni, wanatoka kwanza, wanauliza baadaye. Kwa kuwa ni kazi yake, hataonekana mwoga. Ukuta ukipita kimo cha kifua, uangusheni kwa makusudi kutoka juu au ukateni mteremko kabla ya kuchota chini. Lori lisisimame juu ya ukingo. Na usiku msichimbe. Makueni ina sheria yake ya kuhifadhi mchanga tangu mwaka 2015, na wanaoikwepa hufanya kazi gizani kwa haraka. Huko hata aliyepewa kuangalia haoni kitu.

Madereva nao wana ukingo wao. Tarehe 4 Desemba 2021 basi la shule lililokuwa limebeba wanakwaya kwenda harusini lilisombwa na mto Enziu huko Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Simhukumu mtu. Nasema tu kwamba mto uliovukwa mkavu mara mia humfundisha dereva kuuamini, na abiria anayechelewa humsukuma. Maji yaendayo kasi yenye kina cha nusu mita hivi huweza kuliinua gari dogo na kulibeba, na chini ya maji hayo huwezi kujua kama barabara bado ipo. Msafiri anayemwambia dereva "tusubiri" anamwondolea mzigo. Na tukiwa bado barabarani, wa bodaboda wanaoamini helmeti huvunja shingo wajue kwamba uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja umeonyesha hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Imani za wakubwa

Si vibarua tu wenye imani zao. Iliyodhuru watu wengi kuliko maziwa ni ile isemayo ajali ni uzembe wa mfanyakazi. Ina umri mrefu. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima Marekani, aliandika kwamba ajali 88 katika kila 100 husababishwa na vitendo vya watu. Nambari hiyo bado hurudiwa hadi leo. Lakini aliipata zaidi katika kumbukumbu za madai ya bima na taarifa za viwandani, na taarifa hizo ziliandikwa na wasimamizi, watu ambao wangeulizwa wao kama si mfanyakazi. Nyapara akiulizwa kwa nini jukwaa la ujenzi lilivunjika, ni rahisi aandike kwamba fundi alikanyaga vibaya.

Aliyeumia tayari ana maumivu. Akiambiwa ni uzembe wake, wenzake hujifunza kuficha majeraha. Ajali inayofuata huja bila onyo. Badala ya kuuliza nani alikosea, uliza: nini kilifanya jambo hili lionekane la busara wakati ule? Jibu litakuwa malipo ya kwa lori, au pampu isiyonyonya, au jua la saa saba.

Kuna na ile kauli ya "siku yake ilikuwa imefika". Matangani, iacheni. Inawafariji waliofiwa, na asiyejua thamani yake hajafiwa. Wiki mbili baadaye, kwenye kikao cha kikundi, ndipo pa kuuliza kuhusu kamba. Muumini anayefunga kamba hajapunguza imani yake.

Ukitaka kubadili mambo haya kijijini, usianze barazani kwa kutangaza kwamba watu wanaamini uongo. Wazee watanyamaza na vijana watacheka. Anza na fundi wa visima mwenye mvi anayeheshimiwa. Akifunga yeye kamba, hakuna atakayemwita aliyemfuata mwoga. Tumia mwethya, yaani kikundi cha Wakamba cha kusaidiana kazi, maana kikundi kilichozoea kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga pamoja kinajua kupangiana zamu. Tumia Kikamba, na redio zinazokitumia. Picha za majeraha msizitegemee. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwatisha wanafunzi kwa vijitabu vya pepopunda, wengine kwa picha kali. Kilicholeta tofauti kliniki hakikuwa ukubwa wa hofu. Wale waliopewa ramani ya kliniki na kuelezwa wapange saa ya kwenda walichanjwa asilimia 28 hivi. Wasiopewa, asilimia 3. Kwa hiyo tangazo lisiseme tu "sumu inaua". Liseme glavu zinapatikana duka gani, kwa bei gani, na nani atakayeonyesha Jumamosi jinsi ya kuzivaa na kuzivua.

Sheria inavyosema

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, pa kudumu au pa muda, shamba la ekari mbili likiwemo. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu anapaswa kumwarifu msimamizi wake, na hadi irekebishwe hawezi kulazimishwa kurudi pale. Wafanyakazi wakifikia 20 wanastahili kamati ya usalama. Kibarua wa siku moja analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007: akifa au akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia ni mapato ya miezi 96. Madai yana muda, miezi 12 tangu ajali au kifo, na familia nyingi hupoteza haki hapo kwa kusubiri ahadi za mdomo.

Siku hiyo hiyo, mwarifuni mwajiri kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili tarehe ibaki. Pigeni picha ya kisima, pampu, kamba au ukingo kabla haujaguswa. Andikeni majina ya waliokuwepo na kiasi mlicholipwa kwa siku. Hifadhini karatasi za hospitali. Kisha nendeni ofisi ya kazi ya kaunti mwelekezwe kwa afisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Wanaojiajiri, kama vikundi vingi vya maloda na mafundi wa visima, hawana mwajiri wa kudai. Wao wajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kwa kila lori watenge kiasi kidogo kwenye akaunti ya kikundi: kwanza kinunue kamba na roda, na kinachobaki kiwe cha gari la kumkimbiza mtu hospitali.